Somo la Kwanza, Maweni

Jumatano, saa kumi na moja jioni, kanisa la mabati
nyuma ya machimbo. Wamekuja sita.
Niliahidi kuwajulisha kitabu kabla hatujakifungua,
kama ukoo unavyotajwa kwanza, posa ndiyo ifuate.

Ni Injili iliyo fupi kuliko zote, nawaambia.
Haina hori, haina nyota, haina orodha ya mababu.
Inamkuta mtu mzima mtoni, maji yanamchuruzika,
na tangu hapo haikai kitako:
mara katoka, mara kaingia, mara wakamfuata.
Nguma, mkata mawe, anacheka:
"Huyu mwandishi alilipwa kwa kipande."

Hapana, Nguma. Huenda alikuwa akiwindwa.
Mji mkuu wa dola ulikuwa umeungua,
moto ukatafutiwa mwenyewe,
wakaonekana wanyonge wa kubebeshwa.
Yasemekana waliosoma haya kwanza
walisoma mlango umekomewa,
kibatari chini ya meza, sikio liko nje.
Siwafichi: haya ni mapokeo,
sahihi ya mwandishi haimo.
Wanasema hakuona kwa macho yake.
Alikaa na mzee mmoja aliyeona,
mzee wa Galilaya, lugha ya pale ikimtatiza,
akawa mkalimani wake, na mzee alipokwisha
akashika kalamu, asije akasahau.

Chaki imekatika. Naendelea na kigutu chake.

Naandika: SIRI.
Kila anayeponywa huonywa, funga mdomo.
Hafungi. Kabla ya adhuhuri soko zima linajua.

Naandika: WAGUMU WA KUELEWA.
Jana wamelisha maelfu, vikapu vikabaki,
leo wananung'unika kwamba mkate ni mmoja tu.
"Kikao cha chama chetu hicho," anasema Dzuya mweka hazina.

Naandika: MSALABA, katikati ya ubao,
maana kivuli chake hakingoji mwisho wa kitabu.
Mara tatu anawaambia atauawa,
mara tatu wanaongea mambo ya vyeo.
Kule rasini upo wa mawe, umepakwa chokaa,
wageni huja kupiga picha nao.
Huu si ule.
Huu ni wa kulipa deni usilokopa,
na mkubwa wa nyumba kubaki nyuma akiosha masufuria.

Mbeyu hajasema kitu tangu aingie.
Anafua mashuka ya hoteli, vidole vimechubuka kwa dawa.
"Na mwisho wake?"

Mwisho wake, katika nakala kongwe, si mwisho.
Wanawake watatu, alfajiri, jiwe limeshaondolewa,
kijana wa nguo nyeupe anawatuma: kasemeni.
Wakatimua mbio. Wakanyamaza. Hofu. Nukta.
Kitabu kizima walioambiwa nyamazeni wamesema,
na hawa walioambiwa semeni —

"Basi nani alisema?"

Nje, msumeno wa dizeli ulikuwa unamaliza jiwe.
Nguma akatazama viatu vyake.
Mwaka jana ukuta wa machimbo ulimwangukia Kombe,
na polisi walipokuja kuuliza, hakuna aliyekuwepo.
Siku zile Mbeyu alikuwa akiuza uji pale pale ukingoni.
Kazi ya hoteli aliipata mwezi uliofuata,
kwa barua ya mwenye machimbo.

Nilikuwa na majibu mawili ya chuoni.
Nikasema, "Sijui, Mbeyu."
Tukasali sala fupi, nikafuta ubao kwa kiganja,
vumbi jeupe likanifuata hadi nyumbani.

Jumatano ya pili alinitangulia.
Kufuli halijafunguliwa, yeye ameketi juu ya tofali la matumbawe,
sare ya hoteli ameikunja mapajani, vifungo juu,
kama nguo ya kurudishiwa mwenyewe.
Salamu yangu hakuiitikia yote.

"Mwalimu," akasema, "una kalamu?"